Spika za Juu ya Kabati

Mjomba wangu alipostaafu kazi ya bandarini Tanga alikuwa na haja mbili za moyo: kuezeka upya nyumba yake ya Ngamiani, na kuwa na muziki wa maana sebuleni. Paa likatangulia. Mwaka uliofuata zikaja spika, mbili, za mtumba, zilizoteremka na kontena kutoka Ulaya. Kila moja ilikuwa na kimo cha sentimita 45, wufa ya inchi nane ya sauti nene kwa chini, na kwa juu twita ya sauti nyembamba, ndogo kama kifuniko cha soda. Mbao zake zilikuwa bado zinang'aa. Alizirudia dukani mara tatu kabla ya kutoa pesa, na mara ya tatu nilikuwa naye. Muuzaji alizipanga juu ya meza, akamwekea mjomba kiti cha plastiki mbele yake, akatia CD ya taarab ya Unguja. Mjomba alivua kofia, akaipakata, akafumba macho. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ilipoanza kutiririka niliona midomo yake inachezacheza kama ya mtu anayevuta uradi, na kidole chake cha shahada juu ya kofia kikawa kinafuata mlio wa rika, ile tari ndogo yenye vibati vya shaba ukingoni: ti-ti, ti, ti-ti. "Hizi hizi," akasema.

Namwomba msomaji aishike akilini ile meza na kile kiti. Miaka miwili iliyofuata mjomba aliitafuta tena sauti ile ya dukani, kwa gharama ambayo mpaka leo nikiihesabu naumia.

Nyumbani spika zilipandishwa juu ya kabati la vyombo, lile lililoshika ukuta mzima, kona hadi kona. Moja ikakaa mwisho wa kulia, nyingine mwisho wa kushoto, zikabakiza shubiri moja na nusu kugusa dari. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu kitu cha thamani hakiwekwi chini. Msahafu hukaa rafu ya juu, picha ya marehemu babu hutundikwa juu ya mlango. Chini kuna wajukuu wenye vidole vyepesi, kuna maji ya kudekia, kuna kuku anayeingia mchana mlango ukiachwa wazi. Tena mjomba alikuwa ameona katika kumbi za harusi na viwanja vya mikutano spika zimepandishwa juu ya vichwa vya watu, akachukulia kwamba ndivyo muziki unavyotakiwa. Aliona sawa, ila alifananisha vitu viwili visivyofanana. Ukumbini spika hupandishwa ili sauti isiwatoboe masikio walio mbele na iwafikie walio nyuma, na fundi anayeijua kazi huziinamisha ziwatazame watu. Sebule ya mita tatu kwa nne haina watu wa nyuma.

Jioni ya kwanza tulikaa watu wanane. Mkaza mjomba alileta kahawa na kashata, watoto wakaambiwa wanyamaze. CD ni ile ile ya dukani. Besi ikajaa chumba chote, nzito, vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Sauti ya mwimbaji ilitoka mahali fulani kati ya feni na dari, kama yuko ghorofani na sisi tumo chumba cha chini yake. Kanuni ilikuwepo, lakini imevishwa blanketi. Rika haikusikika kabisa. Mjomba aliinuka akagusa nyaya, akakaa. Akainuka tena. Wageni walisifu, kwa adabu, wakaaga mapema.

Kesho yake alizungusha kitufe cha trebo, kile cha sauti nyembamba, mpaka mwisho. Haikutosha, akaongeza sauti. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile: ukikata kona ya mtaa unajua mjomba yuko ndani. Amplifaya yake ilikuwa ya wati 50, na ilikuwa inasukumwa kupita uwezo wake. Amplifaya ikifika hapo, mawimbi inayotoa hukatwa vichwa, na mikato ile huzaa mitetemo mingi ya juu ambayo yote humwagikia twita. Waya wa koili ya twita ni mwembamba kama unywele. Mwezi wa tatu twita ya kushoto ikanyamaza.

Fundi wa kwanza akabadilisha twita, akaweka isiyo ya aina yake, akasema shida ni amplifaya ndogo. Mjomba akanunua ya wati 100. Sijui kama aliambiwa kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishangai. Fundi wa pili akasema spika zimelemewa, besi ipewe sabufa. Sabufa ikaja, katika chumba ambacho tayari kilikuwa kinazama ndani ya besi. Pesa ya machungwa yake ya Muheza, ya msimu mzima, iliishia hapo. Naandika haya na hasira bado ninayo: katika wote waliopokea pesa ya yule mzee, hakuna aliyekaa kwenye kochi lake akasikiliza kwa dakika tano.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Alikuja mara ya kwanza kwa maneno matamu, mara ya pili kwa maneno machache, baada ya hapo hakuja tena, na sahani za futari zilizokuwa zikivuka ua kila Ramadhani zikapungua.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi. Mkaza mjomba alipanda stuli abadilishe mapazia, muziki ukipiga kama kawaida. Mara akasimama na ndoano mkononi, kichwa kakiinamisha upande.

"Baba watoto, hebu njoo. Huku juu kuna njuga."

"Njuga gani tena?"

"Njuga. Kuna mtu anatikisa vitu vya shaba. Huko chini hayupo."

Mjomba alidhani spika imelegea skrubu. Mimi nilivua viatu nikapanda juu ya kochi, pale pale anapokaa yeye kila jioni, nikasimama wima. Kichwa changu kikawa karibu na usawa wa spika. Kanuni ikafunguka. Nyuzi zikasikika moja moja, na nyuma yake rika, kavu, karibu, kila kibati na mlio wake. Nikakunja magoti taratibu. Nilipofika kama mita moja na nusu kutoka sakafuni mwimbaji akaanza kuziba, maneno yakapoteza makali. Nilipokaa, blanketi likarudi. Nikasimama tena, nikakaa tena, mara nne, wajukuu wakidhani ni mchezo.

Tukamwita mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa akifunga vyombo vya vikundi vya taarab enzi ambazo Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Hakuja na bisibisi. Aliomba futi kamba. Akamkalisha mjomba kwenye kochi kama anavyokaa siku zote, mgongo umeegemea, akapima kutoka sakafuni hadi tundu la sikio: sentimita 96. Akapanda stuli akapima kutoka sakafuni hadi katikati ya twita: sentimita 210. Akashuka, akakunja kamba yake.

"Mzee mwenzangu," akasema, "twita inatazama ukuta wa pili. Wewe uko chini yake mita moja na sentimita 14. Hamjaonana hata siku moja."

Nilikwenda kulisoma jambo hili baadaye, na nitalieleza kama nilivyolielewa, kwa sababu naona nyumba nyingi zilizo katika hali ile ile.

Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita saba, refu kuliko sebule ya mjomba. Wimbi kama hilo halijali spika inatazama wapi. Huzunguka kabati, huzunguka kochi, hujaa chumba kama maji kwenye ndoo. Mlio wa vibati vya rika una mitetemo ya juu kabisa, na wimbi la mitetemo 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, halipishani sana na upana wa twita yenyewe. Hilo huenda kama mwanga wa tochi: kali mbele, hafifu pembeni. Tochi ya mjomba ilikuwa inamulika juu ya vichwa vya watu, pembe ya zaidi ya nyuzi 20 kutoka masikioni mwao.

Kufifia huko peke yake kungevumilika. Kibaya zaidi kilikuwa kati ya wufa na twita. Ndani ya spika mna krosova, inayogawa kazi: sauti nene kwa wufa, nyembamba kwa twita. Katika zile spika mgawo ulikuwa kwenye mitetemo 2,500 hivi, na mpakani hapo zote mbili huimba kwa pamoja. Sasa chukua vipimo vya yule mzee. Twita iko sentimita 210, wufa 192, sikio 96, na kochi, kwa kipimo cha sakafuni, liko mita mbili na nusu kutoka kila spika. Kwa hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni, kutoka twita hadi sikioni ni sentimita 275, kutoka wufa hadi sikioni ni 268. Tofauti ni sentimita saba. Wimbi la mitetemo 2,500 lina urefu wa sentimita 14 hivi, na saba ni nusu yake. Kwa hiyo msukumo wa wufa ulifika sikioni wakati mvuto wa twita unafika, vikafutana. Na hapo ndipo mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi sana, ndipo yalipo makali ya maneno ya mwimbaji na mguso wa kidole kwenye uzi wa kanuni. Mjomba alikaa kila jioni ndani ya shimo la sauti. Shimo la namna hii halizibwi na kitufe cha trebo, kwa sababu ukiongeza sauti ya twita na wufa pamoja unaongeza pia kile kinachofutana. Mtu akikaa usawa wa twita, tofauti ile ya sentimita saba hushuka chini ya sentimita moja.

Juu ya hayo, kona. Spika ikikaa karibu na ukuta, besi huongezeka. Ikikaa karibu na kuta mbili huongezeka tena. Ukiweka na dari kuwa uso wa tatu, unakuwa umeijengea besi tarumbeta ya saruji. Ndiyo iliyokuwa ikigonga vikombe na kumwamsha mtoto wa jirani. Ndiyo pia iliyokuwa ikifunika kile kidogo cha rika kilichobaki.

Yule mzee aliagiza kwa seremala vigoda viwili vya mninga, kimo sentimita 61. Nilimuuliza kwa nini isiwe 60. Akaniambia twita iko sentimita 35 kutoka kitako cha spika, na 35 kwa 61 ni 96. Aliongeza kwamba mtu asinakili namba za mwenzake: kochi la huyu ni la chini, la yule ni la juu, mwingine husikilizia kwenye mkeka. Anayepima aanze na sikio, spika ifuate.

Wakati vigoda vinachongwa nilimdodosa sana, na mengine aliyosema nayaweka hapa yasaidie nyumba zisizo na nafasi ya vigoda. Kama spika lazima ikae juu, ipigiwe kabari nyuma iiname, twita imtazame msikilizaji usoni. Wakati mwingine hufaa kuipindua kichwa chini, twita ikawa chini na wufa juu, ili twita isogee karibu na sikio. Iliyo sakafuni iinuliwe mbele itazame juu. Ndefu zile za kusimama zenyewe mara nyingi zimeshapimwa kiwandani, twita yake iko kwenye kimo cha sikio la mtu aliyekaa, wala hazihitaji meza. Alichokemea kwa nguvu ni kulaza spika ubavu chini ya televisheni ili zipate kuenea, kwa sababu lile shimo la juu na chini unakuwa umelilaza nalo, likawa la kushoto na kulia. Mtu akisogea kochi moja tu, sauti inabadilika. Na ziondolewe kwenye kona, zikae mbali kati yake kiasi kile kile ambacho kila moja iko mbali na msikilizaji.

Siku ya vigoda tulikaa tena watu wanane, kahawa ile ile, kashata ile ile. Sabufa ilizimwa. Sauti iliwekwa chini kiasi kwamba nilisikia mtu akipuliza kahawa yake. Mwimbaji akaja katikati, kati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta mtupu, na kwa kimo cha mtu aliyekaa kitini. Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliyeomba hataza ya mfumo huu wa stirio, sauti ya njia mbili, Desemba 1931, inasimuliwa kuwa wazo lilimjia sinemani, alipoona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine. Akataka sauti ikae alipo mwenyewe. Masikio mawili hutambua kulia na kushoto kwa kuwa sauti hufika sikio moja kabla ya jingine. Juu na chini hutambuliwa na mikunjo ya sikio la nje, inayozichuja sauti nyembamba kulingana na zinakotoka. Kwa miaka miwili masikio yetu yalikuwa yanatuambia ukweli: mwimbaji yuko darini. Sasa alikuwa ameshuka, amekaa nasi.

Kanuni ilipoanza, midomo ya mjomba ikachezacheza. Mkaza mjomba akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Mjukuu mmoja akanong'ona, "Babu, zile njuga." Ni kweli, zilikuwa pale, upande wa kulia kidogo, nyuma ya fidla, kibati kwa kibati. Mjomba akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto.

"Ziko wapi?" akauliza.

Tulidhani anatania. Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Walimvisha vifaa vya masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, na kwenye milio ya juu kidole chake kilikaa tu. Daktari alisema umri una fungu lake na kelele ina fungu lake, hakuna awezaye kuyatenganisha, na kwamba seli zile za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki kwenye kelele ya desibeli 80. Ikifika 90 zinabaki saa nne tu. Mjomba alikuwa anamaliza saa nne hizo kati ya Magharibi ya Jumatatu na usiku wa Jumanne, kila wiki, akitafuta kilichokuwa kinapita mita moja juu ya kichwa chake.

Vigoda bado vipo. Kabati limerudishiwa mapambo yake ya juu, na jirani alileta mtoto wake, sasa anatembea, asikilize. Nilipita Ijumaa moja baada ya swala nikamkuta mjomba kwenye kochi, kofia mapajani, macho kafumba, kanuni inatiririka. Mkaza mjomba alikuwa ameketi ubavuni kwake. Alikuwa amekishika kidole cha shahada cha mumewe, anakigusisha juu ya kofia, taratibu, akimfuatishia rika: ti-ti, ti, ti-ti.